Umeishi Voi Miaka Kumi, Geti la Tsavo Bado Linakuita Mgeni: Hii Ndio Rada ya Bei na Makaratasi

Kama umewahi kuenda Tsavo East na mbogi ya watu wa pasipoti tofauti, unajua kile kimya huingia kwa ndai mkikaribia Voi Gate. Mko watano, gari ni moja, ndovu wa kuonwa ni wale wale wekundu wa vumbi. Lakini bei si moja. Mmoja atalipa kitu kama kuku nusu na chipo, mwingine atalipa karibu rent ya bedsitter. Na yule wa rent anaweza kuwa ndiye jirani yako hapo Voi, mnanunua sukuma kwa mama mmoja, na anajua barabara ya kuenda Mudanda Rock kukuliko.

Hapo ndio ubishi huanza. Kuna wa kusema Kenya inabagua wazungu. Kuna wa kusema wacha walipe, doo wako nayo. Nimeona hii ngori ikirudi kila likizo, na kila mara watu wanabishana kuhusu rangi. Lakini geti halisomi rangi, na halijali unaishi wapi. Linasoma karatasi. Ukielewa hiyo, utaelewa mbona Mjerumani wa Voi anaweza kulipa ya mtalii, Mtanzania ambaye amefika jana akalipa ya Mkenya, na chali wa Taveta ambaye babake amezaliwa pale pale akakosa hata pa kuanzia.

Tuanze na chapaa.

Kwa miaka mingi mwananchi mtu mzima alikuwa analipa shilingi 515 kuingia Tsavo East ama Tsavo West, na mgeni asiye mkaazi dola 52. Dola ikiwa 129, hiyo ni kama 6,700. Yaani mgeni alikuwa analipa mara 13 ya Mkenya. Halafu 2025 serikali ikachapa kanuni mpya za ada za mbuga, zikapangiwa kuanza tarehe 1 Oktoba. Kwa Tsavo zote mbili mwananchi akawekewa thao moja, mgeni wa kimataifa dola 80, ambayo ni kama 10,300.

Wasee wa utalii walipiga nduru ju ya hizo dola 80, na hii maneno ikafika hadi kortini. Lakini hebu fanya hesabu. Niliacha college semester ya tatu, but hii naiweza. Kutoka 52 hadi 80 ni kupanda kwa karibu asilimia 54. Kutoka 515 hadi 1,000 ni karibu asilimia 94. Yaani kwenye hizo kanuni, aliyepandishiwa zaidi ni Mkenya, na pengo kati yake na mgeni likapungua kutoka mara 13 hadi mara 10. Sikuona watu wengi wakiitaja hiyo. Kwa sababu kesi na bei huwa zinasonga, kabla uchome mafuta cheki bei ya siku hiyo kwa eCitizen, maana KWS hulipisha huko. Pesa taslimu getini usahau.

Sasa, hizo kanuni hazina watu wa aina mbili tu. Ziko nne. Kuna raia wa Afrika Mashariki, hapo Mkenya, Mganda, Mtanzania na wenzao wote wa jumuiya wanaingia kwa kapu moja. Kuna mkaazi wa Kenya, yaani mgeni ambaye serikali inamtambua kama anaishi hapa, huyu analipa juu kidogo ya mwananchi na kwa shilingi. Kuna Mwafrika wa kutoka nje ya jumuiya, tuseme Mnigeria ama Mzambia, analipa kwa dola lakini chini ya wale wa mbali. Na mwisho kuna dunia yote iliyobaki.

Mbona bei zitofautiane kwanza? Sababu ya kawaida ni kwamba mbuga ni mali ya umma, na wewe Mkenya umeshailipia kwa kodi, hata ile ya bundles. Ingekuwa dola 80 kwa kila mtu, watoi wa Voi wangemjua simba kwa TikTok peke yake. Hiyo mimi naikubali bila shida. Na si Kenya pekee inafanya hivi. Vuka Holili uende Kilimanjaro, utapata Tanzania nayo inalipisha raia wa jumuiya kwa shilingi zao na watu wa mbali kwa dola. Mkenya wa Taveta akiamua kupanda ule mlima anaouona kila asubuhi kutoka kwa mlango wake, anakula hiyo bei nafuu.

Kile kinachokera ni hiyo ya pili, ya mkaazi.

Kuishi na kuwa mkaazi ni vitu mbili

Chukua mfano. Mwalimu kutoka Ujerumani amekuja kujitolea kwa shule fulani karibu na Voi. Miaka inapita, anajua kusema "kwawuka mana" asubuhi, anakula kimanga, ako na stima postpaid. Mtaa mzima unamuita mwenyeji. Siku wazazi wake wanakuja kumtembelea, anawapeleka mbugani, na pale getini anaambiwa alipe sawa na wazazi wake ambao wametua jana.

Si lazima askari wa geti awe mbaya. Sheria inasema mgeni yeyote akikaa Kenya zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe, apewe ile kadi wasee huita alien ID. Na kadi haitoki hewani. Kwanza uwe na kibali cha kukaa. Cha kazi kina herufi zake: D ni ya walioajiriwa, G ni ya biashara, I ni ya watu wa dini na misaada, K ni ya yule ana mapato yake na hataki kazi ya mtu. Kuna pasi ya mwanafunzi, na kuna ya mtegemezi, kama umeolewa ama umeoa hapa. Ukishapata kibali ndio unaomba kadi kwa mtandao wa uhamiaji, halafu unaenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mtu wa Voi hiyo inamaanisha kupanda gari hadi Mombasa, kilomita kama 150, ama ujitose hadi Nyayo House Nairobi, kilomita zaidi ya 300. Na kadi ina tarehe ya kuisha. Kibali kikiisha, kadi inakufa nayo.

So kuna wageni wa aina mbili Voi. Kuna yule ako na kila kitu, kibali, kadi, PIN ya KRA, na analipa kodi kila mwezi kama wewe. Huyo akifika getini anatoa kadi, anapewa bei ya mkaazi, maisha inaendelea. Halafu kuna yule anaishi kwa ruhusa ya mtalii, ile eTA iliyoanza Januari 2024 kuchukua nafasi ya viza. Anatoka hadi Tanzania anarudi, anatoka anarudi. Huyu kwa macho ya majirani ni mwenyeji kabisa. Kwa macho ya serikali ni mtalii ambaye hajamaliza likizo. Halafu kuna wa katikati, na hawa ndio huniuma: kibali kiliisha, ameomba kingine, miezi inaenda na majibu hayajakuja. Ako na risiti ya kuonyesha ameomba, lakini risiti si kadi.

Wale waliooa ama kuolewa na Wakenya nao wako na hesabu yao. Ukifikisha miaka 3 ya ndoa unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ukifikisha 7, Kifungu cha 15 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba uraia. Mtu wa kibali cha kazi anasubiri zaidi: awe ameshika vibali angalau miaka 7, na mitatu ya mwisho awe amekaa hapa bila kukatiza, ndio aombe ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo, bibi ni Mtaita, watoi wanaongea Kidawida, na baba bado anatoa kadi ya mgeni getini familia ikienda kuona twiga. Watoi wenyewe hawana shida hiyo. Kwa Katiba ya 2010 mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya wa kuzaliwa.

Si kila kitu Taita Taveta kiko hivyo lakini. SGR inataka namba ya kitambulisho ama pasipoti ukikata tiketi, lakini bei ni moja kwa wote, na kati ya Mtito na Voi ukikaa upande poa wa dirisha unaona ndovu bila kulipa KWS hata ndururu. Barabara ya Voi kuenda Taveta nayo inakatiza Tsavo West, mat inapita, pundamilia wako kando. Makaburi ya wanajeshi wa Vita ya Kwanza ya Dunia pale Voi na Taveta hayalipishwi, na ukiwa mtu wa historia hapo utatoka na mengi kukuliko vile ungetoka na picha ya swara.

Sasa ngoma yenyewe iko Taveta

Tutoke kwa mgeni anayetafuta bei ya mwenyeji, tuende kwa mwenyeji anayeitwa mgeni.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia 1886. Unatoka baharini ukiwa umenyooka, halafu ukifika Kilimanjaro unapinda kuuzunguka. (Ile hekaya ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya birthday ni tamu lakini si kweli, achana nayo.) Mlima ukabaki kwa Mjerumani, Taveta ikabaki kwa Mwingereza, na watu ambao walikuwa wanaoana na kuuziana ndizi wakajikuta wako nchi mbili. Wapare ni baadhi yao. Kwao kwa asili ni milima ya Pare, Same na Mwanga, upande wa Tanzania. Lakini kuna familia za Wapare ambazo zimekaa Taveta vizazi na vizazi. Mashamba yao yako huku, makaburi ya babu zao yako huku.

Shida inaanza ukifikisha 18. Ukienda kuomba ID, unaulizwa wewe ni kabila gani, babako ni nani, ID yake iko wapi, na ya babu je? Jina lako likisikika la upande ule, swali linakuwa: una hakika wewe si Mtanzania? Kwa kaunti za mpaka kulikuwa na ile vetting ya wazee na machifu, maswali juu ya maswali. Februari 2025 Rais Ruto alisaini kule Wajir tamko la kuondoa vetting ya ziada. Poa. Lakini tamko halikutengenezei birth certificate ambayo mathe hakuchukua miaka 20 iliyopita, wala haikufufulii ID ya babu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Na bila ID, geti la Tsavo ndio tatizo dogo kabisa. Huwezi kusajili laini kwa jina lako, so M-Pesa yako iko kwa jina la sista. Hufungui akaunti ya eCitizen kama Mkenya. Tiketi ya SGR unakatiwa na mtu. Kazi ya lodge, hata ya kuosha vyombo, wanataka kopi ya ID. Kupiga kura ndio usiguse. Sasa linganisha: Mtanzania wa Moshi ako na pasipoti yake, anavuka Holili, kituo cha pamoja ambacho kilifunguliwa rasmi 2016, anagongewa muhuri, anaenda mbugani, analipa kama Mkenya ju ni raia wa jumuiya. Ni haki yake, simlaumu. Lakini yule Mpare wa Taveta anayeambiwa "wewe ni Mtanzania" hana karatasi ya Tanzania pia. Tanzania haimjui. So si mwananchi, si mkaazi, si mgeni. Kwa zile kapu nne hana lake.

Kuna wengine walishapitia hii njia. Wamakonde, wengi wao Kwale, walitembea kwa miguu kuelekea Ikulu Oktoba 2016, na mapema 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43 na kuanza kupewa vitambulisho. Washona walipewa uraia siku ya Jamhuri 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakatambuliwa Julai 2023. Wapare wa Taita Taveta nao wamekuwa wakiomba kutambuliwa hivyo hivyo.

Na kulikuwa na mlango wa kisheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilisema mtu asiye na nchi ambaye amekuwa Kenya tangu 12 Desemba 1963 anaweza kuomba kusajiliwa kama raia, na watoto wa watu kama hao pia. Lakini waliweka muda: miaka 5. Ikaongezwa 3. Ikaisha Agosti 2019. Mtu wa shamba kule Taveta, hana simu ya jina lake, alitarajiwa kusikia hiyo habari, kutafuta ushahidi wa 1963, na kupeleka maombi kabla ya saa kuisha. Mimi naona hapo serikali ilijifanyia rahisi.

Ongeza hii: mbuga za Tsavo zinachukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Viongozi wa kaunti wamelilia mgao wa pesa za geti kwa miaka. Ndovu wakitoka wanakuja kwa mahindi yako, na wakiua mtu sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ilipwe fidia ya milioni 5. Lakini kudai ni fomu, na fomu inataka namba za vitambulisho. Unaona vile inazunguka.

So unafanya nini?

Kama wewe ni mgeni na unaishi hapa kweli kweli, beba kadi yenyewe, si picha kwa simu, na uangalie tarehe kabla ya safari, si ukiwa kwa laini. Ukinunua tiketi mtandaoni kama mkaazi na kadi imeisha, getini utaongezewa aibu na bei. Kama wewe ni Mkenya unapeleka mabeshte wa nje, usiwaahidi bei ya mwananchi eti ju wanajua Kiswahili. Waambie ukweli mapema wapange doo. Na nduthi haiingii mbugani, hiyo msijaribu.

Kama uko Taveta na unahangaika na ID, jambo moja watu wengi hawaambiwi: mathe anatosha. Kama mama yako ni Mkenya na babako ni mtu wa Same, Katiba Kifungu cha 14 kinasema wewe ni Mkenya wa kuzaliwa, na hakuna mzee wa kijiji anaweza kukuambia ufuate kabila la baba. Enda na ID ya mama na birth certificate. Kama hukusajiliwa ulipozaliwa, usajili wa kuchelewa uko, anza na huo. Wakikukataa, usitoke na maneno ya mdomo. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe hapo hapo, chukua jina la ofisi na tarehe, uweke hiyo karatasi vizuri, ju rufaa yoyote itaanzia hapo.